Leo Nimekalia Kulase

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Kaye yangu, daftari langu, unisamehe. Nimekuacha muda murefu mpaka panya amekula kona yako moja. Tangu Bahati azaliwe sijakushika. Kila siku nilisema, mutoto akilala nitaandika. Mutoto akilala, na mimi nalala, hata nikiwa nimeketi na kijiko mukononi. Sina sababu ingine ya kukupa.

Leo naandika kwa sababu nimefanya jambo na sijui kama nimefanya vizuri. Na kila mutu ninayeweza kumuuliza ataanza kwanza kunipigia kelele.

Chini ya kitanda changu kuna kulase ya kamiyo.

Nianze pale jambo lenyewe lilipoanzia. Papa Neema, bwana yangu, ni shofere. Kamiyo, lile lori analoendesha, si yake, ni ya patroni wa kule Ibanda mwenye duka la jumla. Papa Neema anashuka nayo Kamanyola na sabuni na chumvi, anapanda na muchele wa bonde. Safari hii, wakati wa kurudi, alikuwa hata hajamaliza kona za kwanza za mulima wa Ngomo, moteri ikachemka na moshi mweupe ukajaa nyuma kama wa jiko la kuni mbichi. Akaiachia kamiyo irudi chini kinyumenyume, polepole, muzigo wote ukiwa juu, mpaka tambarare. Alipofungua moteri akakuta kulase imepasuka. Kulase ni kile kichwa kizito cha chuma kinachofunika moteri kwa juu. Bila hiyo, kamiyo ni nyumba ya kuku tu.

Akaituma huku Bukavu kwa kamiyo ya rafiki yake, na yeye akabaki kulinda. Kule ukiacha gari peke yake usiku, asubuhi unakuta mifupa.

Aliyeleta kulase alileta na neno: "Papa Neema anasema usihangaike. Yeye iko muzima kabisa."

Hapo nikajua ana homa.

Huyu bwana yangu hajawahi kusema kwamba ni muzima wakati ni muzima. Akiwa muzima anauliza kama kuna sombe ya kula.

Kulase tuliipeleka Kadutu, kwa muzee Mushagalusa, anayetengeneza vyuma vilivyoshindikana kwa wengine. Leo asubuhi nilienda kuona amefika wapi. Bahati mugongoni, Neema, mutoto wetu mukubwa, kwa mukono, matope yanatuvua viatu. Nilimukuta muzee amemaliza. Aliniambia aliipasha yote moto juu ya makala mekundu ya jiko, akaziba ufa kwa shaba, halafu akaizika ndani ya majivu ya moto ipoe taratibu, kwa sababu chuma hicho kina hasira: ukikipoza haraka, kinapasuka tena kando ya kidonda. Kisha akaisugua uso juu ya kioo mpaka ikawa sawa kabisa.

Akaigeuza tuone upande wa chini. Ni kama vifuniko vine vya sufuria vimeungana, na kila kimoja kina midomo miwili, mumoja wa kunywa hewa, mwingine wa kutema moshi. Katikati ya midomo hiyo kuna daraja jembamba la chuma, upana wa kidole changu cha mwisho. Ufa ulikuwa pale. Lakini kwa silinda ya ine peke yake, ile ya nyuma kabisa. Tatu za mbele zilikuwa safi.

"Ona," muzee akasema. "Tatu zinacheka, moja inalia. Kwa nini?"

"Sijui, tonton."

"Hata miye sikujua, mpaka nikafungua mufuko."

Akatoa ile jointi ya zamani. Jointi ni ule utandu unaolala kati ya kulase na moteri kama godoro jembamba, una matundu makubwa ya kupitisha moto, na matundu madogo ya kupitisha maji ya kupoza. Papa Neema aliituma pamoja na kulase. Muzee akaiinua kwenye mwanga, jicho moja amelifunga.

"Nani alikata hii? Hii si kazi ya makanika. Huyu alikuwa anashona kanzu ya komunyo."

Nikatazama miguu yangu. Neema naye akatazama miguu yangu.

"Ni miye, tonton. Miye na baba ya huyu."

Ni kweli. Jointi ya kiwandani iliungua, mujini hakukuwa na ingine, kila duka wanasema urudi kesho kutwa. Patroni akatoa karto ngumu ya boksi na bati laini la shaba, akamuambia Papa Neema ajitafutie njia. Ile iliyoungua ilikuwa imeliwa vibaya, matundu ya maji yameingiliana, huwezi kujua lipi lilikuwa na ukubwa gani. Basi tulikaa kwenye meza hii ninayoandikia, yeye anashika, mimi nachora. Matundu yote ya maji niliyachora kwa kifuniko cha chupa ya limonade. Yalitoka sawasawa, mazuri, kama vifungo vya shati. Shuleni masista walikuwa wanasifu mukono wangu, na siku ile niliona bado ninao. Papa Neema alisema, "Sasa hakuna silinda itakayoonewa." Tulicheka. Mufano wa karto tukauacha kule garaje ya patroni.

Muzee hakunigombeza. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka jointi chini, akamuuliza Neema:

"Mukikaa kula bugali, sahani inaanzia wapi?"

"Kwa mukubwa."

"Na mukubwa akichota vile anataka, sahani ikifika kwa wa mwisho, anakuta nini?"

"Harufu!"

"Umesikia enjeniere wangu!" Akapiga goti lake. "Maman, pompe ya maji iko mbele. Waliotengeneza moteri hii walifanya matundu ya mbele madogo, ncha ya kalamu tu, ili maji yanyimwe njia pale na yaende mpaka nyuma. Ya nyuma wakayafanya makubwa. Weye uliyafungua yote sawa. Maji yakapanda palepale mbele, yakarudi kwa radiateri yakijisifu. Silinda ya ine ikajipika peke yake."

Nilitaka tu zote zipate sawa.

Halafu uso wake ukabadilika, akawa si mutu wa kucheka tena. Akasema kidonda amekifunga lakini daraja lile sasa ni la shaba, si la chuma lake. Kamiyo ikipanda bila muzigo, asubuhi kukiwa baridi, ikipumzika kwenye kila kona, itafika Bukavu. Ikipanda na muchele, yeye asiulizwe. Na bila jointi ya kweli, yenye matundu yake ya kweli, hata bila muzigo isipande.

Wabebaji wakaileta kulase nyumbani, wakaiweka juu ya gunia karibu na mulango. Nikaweka maharage motoni. Maji hayajachemka, hodi.

Ni Birindwa, karani wa patroni, na koti lake la mvua, na wabebaji wawili nyuma yake.

"Sitwayene," akaniita vile serikali inavyotaka tuitane, "tumefuata kulase. Kamiyo moja inashuka Kamanyola sasa hivi, iko inangoja pale barabarani. Patroni anasema muchele utaoza."

Nikamuambia kwamba muzee amesema jointi lazima iwe ya kweli.

"Jointi iko!" Akatoa kitu ndani ya gazeti, akakifungua kwa heshima kama mutu anayefungua kitenge cha harusi. "Garaje yetu iliikata jana. Tulifuata mufano wenu wa karto. Patroni aliupenda, alisema hajaona jointi propre, safi kama ile."

Nikaangalia. Vifuniko vya limonade. Vyote sawasawa, mustari mumoja, vizuri, mikono yangu mimi imerudi kunisalimia.

Nikaiweka mezani.

Nilimueleza. Nilimueleza vizuri kabisa, pompe, mbele, nyuma, hata bugali. Akanisikiliza huku anatabasamu vile wanaume wanavyotabasamu mutoto akisoma shairi.

"Maman, tangu lini maji mingi inaharibu moteri?"

"Si maji mingi. Ni maji yasiyofika."

"Basi uende umuambie patroni."

"Kwanza nimekuambia weye."

"Papa Neema mwenyewe ataifunga. Yeye hakatai kitu."

Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Birindwa alisema ukweli. Bwana yangu hakatai kitu. Akiletewa kulase na jointi, na homa yake, ataifunga. Akiambiwa apande na muchele, atapanda. Atafika zile kona za juu, silinda ya ine itajipika tena, daraja la shaba litaachia, moteri itazimika. Na moteri ikizimika pale, breki zinabaki na pumzi kidogo tu, halafu nazo zinaisha. Mimi nimepita Ngomo na Neema tumboni. Kuna kona moja ambapo abiria wote wananyamaza. Chini kule kuna kamiyo ya kijani, mugomba umeshaota kwenye dirisha lake.

Wabebaji waliinama. Mumoja alishika upande wa mbele, mwingine wa nyuma.

Nikageuka, nikakaa juu ya kulase.

Sikupanga. Nilimushusha Bahati mugongoni, nikafungua blauzi, nikamupa ziwa. Wabebaji wakaachia haraka kama chuma bado kina moto. Hakuna mwanaume wa huku atakayemusukuma mama anayenyonyesha, wala kuinua kitu alichokalia, hata alipwe nini. Mumoja akatoka kusimama kwenye mvua. Mwingine akageuza uso ukutani akasema, "Miye hii siigusi, karani. Uko na mama, hata weye."

"Maman, simama."

"Mutoto ananyonya."

"Atamaliza saa ngapi?"

"Umuulize yeye."

Yule wa ukutani akacheka, mabega tu ndiyo yalionekana. Birindwa akakaa kwenye kiti chetu kimoja kizima, akangoja. Bahati, ambaye siku zote ananyonya kidogo na kulala, leo alinyonya kama mutu anayelipwa. La kushoto, la kulia, akarudi la kushoto. Maharage yakaanza kuungua. Neema akaenda mwenyewe kuongeza maji.

Kule barabarani kamiyo ikapiga honi. Ikapiga tena. Halafu tukasikia inabadilisha vitesi, moteri inanguruma, inaenda.

Birindwa akasimama, hakutabasamu tena. "Sawa. Patroni atamupa mutu mwingine ile kamiyo. Utamueleza bwana yako kwamba ni weye uliyemunyima kazi." Akavaa kofia yake, akarudi mulangoni, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Maman, weye uko na kichwa kigumu kupita hicho unachokalia."

Jointi aliisahau mezani. Ama aliiacha, sijui. Neema ameichukua, anamuchungulia mutoto wa jirani kupitia matundu ya maji, na kila tundu analipa jina.

Walipoenda nilivuta kulase mwenyewe na gunia lake, nikaisukuma chini ya kitanda. Mapaja yangu yana alama za matundu ya bulo, zile skrubu kubwa zinazoibana kulase. Zinauma.

Sasa niseme yale ambayo sikumuambia Birindwa.

Honi ilipolia mara ya pili nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa imeshaanza. Niliona Papa Neema anashuka kwenye kamiyo kesho jioni hapa mulangoni, mwembamba, amechoka, anauliza kama kuna sombe. Ningesimama tu, ningemupata. Badala yake nimemuacha kule kwenye joto, analala chini ya kamiyo na mbu, anawapa askari sigara ili wasimusumbue, na homa inapanda. Nimemuacha mimi, kwa kukaa.

Homa ikimubeba, hakuna atakayesema neno jointi. Watasema muke wake alikalia kulase. Mama mukwe kule Nyantende atakuwa wa kwanza. Ataniambia zamani wanawake walikuwa wanakalia mikeka.

Tena najiuliza. Nilikataa kwa sababu ya maneno ya muzee, ama kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona vile vifuniko vyangu vinarudi mulimani tena na jina la bwana yangu? Nimejiuliza nikichambua maharage yaliyoungua, sijapata jibu. Labda yote mawili. Maji hayajali sababu yangu ilikuwa ipi, yatapita pale tundu lilipo.

Kule kwetu nyumbani tulikuwa tisa. Mama alikuwa anachukua chungu na kuanza kugawa kwa mudogo kabisa, aliyekaa mbali karibu na mulango. Sisi wakubwa tulikuwa tunanuna, tunasema anapendelea. Yeye alikuwa anaendelea kuchota. Nilikuwa na jambo hili lote mbele ya macho yangu, nikashika kifuniko cha limonade.

Basi. Kulia sitalia, maziwa yatakauka.

Kesho asubuhi nitaenda Ibanda kwa patroni mwenyewe, na Bahati, na jointi ile ya karani mukononi. Nitamuambia mbele ya wateja wake, kwa adabu: muchele utapanda na kamiyo ingine, kamiyo yake itapanda tupu, na kulase haitatoka nyumbani kwangu mpaka jointi ya kweli ifike. Akiniambia bwana yangu amefukuzwa, nitamuambia afukuzwe akiwa hai.

Na kabla ya hapo, alfajiri, nitamuwahi Mama Zawadi, anayeuza ndagala, wale samaki wadogo, sokoni. Anashuka Uvira kwa kupitia Kamanyola, halafu anavuka mpaka Bujumbura, kwa dada yangu mukubwa, yaya Nabintu. Barua inaweza kufunguliwa njiani na kupotea. Nitamusomea Mama Zawadi kwa mudomo mpaka ashike. Naandika hapa vile nitakavyomusomea, nisichanganye.

Muambie yaya anitumie:

Jointi ya kulase, moja, mupya, ndani ya karatasi yake, isikunjwe hata kidogo. Namba ya moteri nimeishona kwa uzi mweupe kwenye kona ya kitenge hiki ninachokupa, Mama Zawadi, usikifue. Yaya aifungue palepale dukani, aangalie matundu ya maji. Ya mbele yawe madogo, ya nyuma makubwa. Yakiwa yote sawa aikatae, hata muuzaji aape kwa kaburi la mama yake. Ije kwangu hapa, si Kamanyola. Nitashuka nayo mwenyewe pamoja na kulase, Bahati mugongoni.

Bulo za kulase, seti nzima. Muzee anasema za zamani zimevutika, zikikazwa tena zitadanganya.

Kinini, dawa ya homa, cha watu wakubwa, cha kutosha homa mpaka iishe, si cha kuituliza tu. Hicho kisije huku. Mama Zawadi akirudi akiachie Kamanyola, mukononi mwa Papa Neema, asimupe mutu amupelekee, na asimame pale mpaka ameze cha kwanza.

Sabuni ya kufulia, vipande viwili. Maziwa ya unga kama yapo, kama hayapo basi.

Na kitu cha mwisho, hiki ndicho ninachokihitaji kwanza, kitangulie vyote. Kesho Mama Zawadi akipita Kamanyola, asimuulize Papa Neema kama ni mugonjwa, kwa sababu atasema iko muzima kabisa. Amuwekee mukono kwenye paji la uso, hapa, juu ya nyusi. Halafu anitumie neno kwa kamiyo yoyote inayopanda: ni la moto, ama limepoa.